Rili ya kina kirefu: mambo ya kuangalia kabla hujapanda basi la Mombasa

Sisi wavuvi wa ndoana wa Entebbe tuna kiburi chetu. Mtu akishampandisha sangara wa kilo 40 mtumbwini anaona hakuna samaki wa kumshinda, basi anatia rili ile ile, kile kifaa cha kukunjia uzi, kwenye begi na kuteremka nayo Shimoni, pwani ya Kenya. Ziwa Victoria, hata pale penye kina kuliko pote, ni mita 80 na kidogo. Kwenye mkondo wa Pemba, nahodha akikwambia "hapa si mbali", jua chubwi, ule uzito wa kuzamisha ndoana, itashuka mita 120 au 150. Huko chini kuna mwamba, na ndani ya mwamba kuna chewa ambaye akihisi ndoana anawaza jambo moja tu: kurudi shimoni. Sisemi kijiji.

Kwa hiyo kabla hujalipia mashua, kaa chini na rili yako.

Iwe ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo na kukunja uzi kama winchi. Ile ya kuning'inia chini ya fimbo, unayorushia chambo bandia kule Murchison, iache nyumbani.

Fremu iwe ya alumini, na ngoma yenyewe pia. Uzi wa nailoni ukivutwa hurefuka, na ukiukunja ukiwa bado umekaza utataka kurudi ulivyokuwa. Mizunguko mia mbili ikiibana ngoma ya plastiki kwa pamoja, inapasuka.

Gia: usidanganywe na kasi. Muuzaji atakusifia rili ya 6 kwa 1, kwamba ukizungusha mkono wa rili mara moja ngoma inazunguka mara sita. Nzuri kwa kazi nyingine. Wewe unanyanyua chubwi ya nusu kilo pamoja na samaki anayekataa kuja, kwa hiyo tafuta 4 kwa 1 au chini yake. Ukiwa na pesa, chukua ya gia mbili, unayobonyeza kitufe ikashuka kama lori la matoke linapopanda milima ya Kabale.

Uzi uwe wa kusuka. Ni mwembamba, mkondo hauupigi sana, na kwa kuwa haurefuki utasikia samaki akionja hata akiwa mita 150 chini. Urefu uwe angalau mara mbili ya kina, maana mkondo unaupinda uzi, samaki anaondoka nao, na mwamba nao utachukua fungu lake. Kumbuka pia kwamba uzi ukishateremka, kilichobaki kwenye ngoma ni kidogo, mduara umepungua, na kila mzunguko wa mkono unakuletea uzi mchache kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana ngoma ijazwe karibu na ukingo. Chini kabisa ya ngoma anza na nailoni mita chache, kwa sababu uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma laini huteleza wote kwa pamoja, nawe utailaumu breki bure. Mwishoni, upande wa ndoana, funga nailoni nene ya mita kadhaa, ndiyo itakayosuguana na mawe.

Mkono wa kuzungushia ndio kitu cha kwanza watu wengi hubadilisha, na wana haki. Mikono inayokuja na rili nyingi ni mifupi, na kirungu chake ni cha kushikwa kwa vidole viwili. Unataka kirungu kinachojaa kiganja. Mimi wangu nilitengenezewa Katwe, kule Kampala, na wa kwanza ulikuwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa vizuri sana. Siku ya pili baharini ulikuwa na rangi ya barabara ya murram. Mwambie fundi stenlesi, na umkabidhi mkono wa zamani apime tundu kwa huo, asikisie. Wala usiurefushe kupita kiasi; nguvu unayoongeza inaishia kwenye meno ya gia.

Breki, ile inayoachia uzi samaki akivuta kupita kiasi: wosha zake, vile visahani vya ndani, ziwe za nyuzi za kaboni, zipakwe grisi yake maalumu, nyembamba. Kisha usipime kwa mkono ukasema "imekaza". Chukua mizani ya ndoano kama ile wanayopimia samaki mwaloni, funga uzi, vuta. Uzi wa kukatika kwa kilo 23 unataka breki ianze kuachia kwenye kilo 7 hivi, yaani theluthi.

Sasa nifikie grisi, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu kidole changu cha kati hakikunjiki vizuri mpaka leo.

Nilikuwa nimeambiwa, na ni kweli, kwamba chumvi inaua rili. Jioni ya kuamkia safari nikatandaza gazeti mezani, nikafungua rili yangu mpya, nikaipaka grisi ya baharini kila mahali. Kwenye skrubu, sawa, kwa sababu skrubu ya stenlesi ikikaa ndani ya alumini na maji ya chumvi katikati, alumini huliwa na skrubu haitoki tena. Kwenye gia, sawa. Nyuma ya vifuniko, sawa. Halafu nikaona beringi moja imekaa kwenye shina la mkono, ndani yake vipande virefu vyembamba vimesimama mduara kama askari kwenye gwaride. Nikaishindilia grisi mpaka ikafurika. Nikajisifu.

Beringi ile ndiyo inayouzuia mkono usizunguke kinyume. Vile vipande hubanwa na springi ndogo ndogo, na mkono ukitaka kurudi nyuma vinajikaza dhidi ya shina kama kabari chini ya tairi. Ukivizamisha kwenye grisi nzito, vinaelea. Havikazi. Rili nyingine zina ulimi wa chuma kama akiba, unaodaka meno yake beringi ikiteleza. Yangu haikuwa nao. Sikujua hata kuuliza.

Mezani kila kitu kilikuwa sawa. Hata changu wawili wa kwanza walipanda vizuri. Wa tatu hakuwa changu. Fimbo ililala, nikaiinua, na mkono ukachomoka kiganjani ukaanza kuzunguka kinyume kwa kasi nisiyoiona, ukinipiga vidole kila nilipojaribu kuudaka. Akili yangu ikaniambia breki imelegea. Nikaikaza.

Hilo ndilo kosa lililonivunja. Breki ndiyo inayounganisha ngoma na mkono. Ukiikaza, unaukabidhi mkono nguvu yote ya samaki. Ukiilegeza, uzi unatoka na mkono unatulia. Nilifanya kinyume, na nikasikia kidole kikilia kama kijiti cha kuwashia moto. Nahodha hakusema kitu. Alijifunga vipande vya mpira wa tairi vidoleni, akaudaka uzi mbele ya fimbo, akauvuta kwa mikono kama pima mbili. Ukakatika kwenye mwamba. Ndipo aliponitazama: "Mgeni, hiyo mashine yako inavua wewe."

Jioni, kidole kikiwa kimefungwa kwenye kijiko, nilimwelekeza mwenzangu akafungua rili, akaifuta ile beringi kwa spiriti mpaka ikakauka, akatia tone moja la oili nyepesi. Moja tu. Kesho yake yeye ndiye aliyeivulia, ikashika kama mwamba.

Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize muuzaji kama kuna ulimi wa akiba. Asipoelewa swali, nenda duka jingine. Na kila unapofunga rili baada ya kuifungua, ifanyie jaribio. Simama barazani, kaza breki, funga uzi kwenye jerikeni lenye lita kumi za maji, linyanyue kwa fimbo na uligutue mara kadhaa. Mkono usirudi hata nukta. Ukirudi, fungua tena. Usiseme itajirekebisha baharini.

Kuosha. Jioni ile ile, si ukifika nyumbani. Mimina maji matamu taratibu. Ukipiga kwa nguvu ya bomba unaisukuma chumvi ndani. Kaza breki wakati wa kuosha maji yasiingie kwenye wosha, halafu ukimaliza ilegeze kabisa, la sivyo wosha zitagandana. Maji matamu huko pwani wakati mwingine ni ya kununua, beba jerikeni lako dogo. Mwenzetu mmoja aliifunga rili yake mbichi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akaitia buti la basi, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kampala. Alipoifungua alikuta unga mweupe kila palipokutana vyuma viwili.

Mengine ni ya kawaida. Beba risiti ya rili, afande wa forodha mpakani asije akadhani umekuja kuuza. Kadi ya homa ya manjano pia. Nenda wakati wa kaskazi, kusi likianza kuvuma hutaipenda mashua, na uchague siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Kwenye bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, mkondo unabeba chubwi hata ya kilo moja kama jani. Muulize nahodha mpaka wa hifadhi ya Kisite uko wapi, ndani yake hakuvuliwi. Jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie. Dawa ya kichefuchefu uinywe kabla ya kupanda mashua, ukishaanza kutapika imechelewa. Glovu. Kisu karibu na mkono, si ndani ya begi. Na kipande cha mpira wa tairi, ambacho mafundi wa boda watakupa bure.