Jua la Septemba lisikudanganye: mahindi, umande na mvua ya saa tisa

Wakulima wa kaunti ya Nakuru, wa Njoro, Bahati, Subukia na kule juu Molo, hii ni yenu, lakini hata ndugu zetu wa Kakamega na Bungoma ambao washavuna waisome tu, kwa sababu umande haujui kaunti.

Huko Ulaya saa hii majani yanageuka rangi na siku zinaanza kufupika. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwa hivyo Septemba huioni kwa saa, unaisikia kwa mwili. Asubuhi baridi ya sweta, nyasi zimelowa mpaka gambuti zinateleza, saa nne jua linachoma kweli kweli, halafu saa tisa unainua macho unapata wingu limeshatanda upande wa msitu wa Mau. Hapo ndipo tunapoteza mahindi.

Mimi mwenyewe mwaka jana nilianika magunia manne kwa turubai, nikaona jua ni kali nikasema wacha nikimbie matanga ya jirani nirudi, kurudi saa kumi na moja mahindi yanaogelea. Nikajiambia kesho yatakauka, kesho ikanyesha tena, siku ya tatu yananuka na mengine yameanza kuota. Magunia manne hivyo, na karo ilikuwa inangoja.

Sasa, usikimbilie kuvuna ati kwa sababu jirani amevuna. Hizi mbegu zetu za milimani zinachukua miezi 6 hadi 8, kama ulipanda mwisho wa Machi au Aprili basi Septemba nyingi bado. Toa punje kadhaa kwa gunzi uangalie ile ncha iliyokuwa imeshikana na gunzi, ukiona kadoa keusi ujue zimekomaa, mmea hauziongezi kitu tena. Lakini kukomaa si kukauka! Hapo unyevu bado ni kama asilimia 30 na kitu, na ya kuweka stoo inatakiwa isizidi 13.5. Hiyo tofauti yote ni kazi ya jua, upepo na wewe.

Kama yatakaa shambani kidogo, vunja shingo ya gunzi liangalie chini maji yateremke kwa maganda badala ya kuingia ndani. Ukikata na kuyasimamisha kwa mafungu, usiyabane sana, upepo upite katikati.

Kuanika nako, hesabu kwa masaa, si kwa siku. Ngoja umande uishe kwanza, saa nne hivi, tandaza kwa turubai (si kwa udongo, hapo ndio kuvu inaokotwa) tabaka jembamba la vidole viwili hivi, geuza kila baada ya muda, na saa nane na nusu anza kukusanya hata kama jua bado linacheka. Watu wataona unaharakisha, waache. Na usiondoke bila kuacha mtu, mimi nishalipa hiyo karo.

Kujua kama yamekauka, wengi wetu tunauma na jino, na jino linadanganya. Kama huna ile mita ya unyevu, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka thuluthi, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwa glasi, unyevu umepita 15, rudisha juani. Isiposhika uko chini ya 15, lakini huenda bado hujafika 13.5, kwa hivyo ongeza siku moja au mbili za jua zuri ndio ujaze gunia. Watu wengi wanakosea hapo, wanaona chumvi imeanguka wanafunga magunia wanalala.

Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na yasiguse sakafu ya simiti, inatoa unyevu usiku.

Yale yenye kuvu je? Hii ndio tabia yetu mbaya: "hayo ni ya ng'ombe." Kuvu hiyo inaweza kutoa sumu ya aflatoxin, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na ng'ombe wa maziwa akila inapita kwa maziwa, na hayo maziwa ni ya mtoto wako. Kuku pia wanaumia. Mwaka wa 2004 kule Makueni na Kitui watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi kama hayo. Toa magunzi yaliyooza moja moja kabla ya kupukucha, ukishapukucha punje zimechanganyika huwezi kutenganisha tena.

Na kwa vile nimetaja kuku, kama hujawachanja kideri (Newcastle) miezi mitatu sasa, chanja wiki hii kabla mvua ya Oktoba ianze. Yangu nilichanja juzi, nilianza asubuhi na mapema nikingoja umande uishe kwa turubai.