Maumivu ya kifua ya ghafla: tafuna aspirini, usimeze nzima

Hii nimeipata kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kazini, naomba muisambaze. Mtu mzima akishikwa na kifua kama kinabanwa, maumivu yanaenda mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba linamtoka, hapo hapo tafuteni gari ya kumpeleka hospitali na wakati huo mpe aspirini miligramu 300 AITAFUNE (kama mnazo zile ndogo za 75 basi nne). Mara nyingi kinachotokea ni kwamba damu imeganda ndani ya mshipa unaolisha moyo, msuli ukikosa damu unaanza kufa, na kila dakika unapotea mwingine ambao haurudi. Aspirini inazuia zile chembe za damu zisiendelee kushikana, na ukiitafuna inaanza kazi haraka kuliko ukimeza nzima. Panado haifanyi hiyo kazi, diklofenaki ndo kabisa usimpe. Akae chini, asitembee hata kama anasema anajiweza.

Usimpe kama ana aleji nayo, anatapika damu au vidonda vya tumbo vinavuja, anatumia dawa za kuyeyusha damu, au mdomo umepinda na mkono umelegea maana hiyo inaweza kuwa kiharusi. Pia aspirini haizibui mshipa ulioziba, hiyo ni kazi ya hospitali, kwa hiyo maumivu yakipungua njiani msigeuze gari, na wenye kisukari wakati mwingine hawasikii maumivu makali, wanaishiwa pumzi tu.