Protini nyingi kwa bajeti ya wiki: nyama iandike mwisho

Zamani orodha yangu ya manunuzi ilianza na nyama, halafu pesa iliyobaki ndiyo nikaigawa kwa vingine. Siku ya tano nilikuwa sina nyama wala pesa. Sasa nyama naiandika mwisho, na ninafanya hivi.

Hatua ya 1: Jua gramu zako za wiki

Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tunaobeba vyuma hulenga kati ya 1.4 na 2. Mimi nina kilo 70 na nalenga 1.6, yaani gramu 112 kwa siku, au 784 kwa wiki. Shika hiyo ya wiki, kwa kuwa manunuzi yako ni ya wiki. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza.

Hatua ya 2: Toa kinacholetwa na nafaka

Hapa wengi hujipunja. Wali, mkate na shayiri vina protini pia, na utavila hata hivyo. Nikikadiria kwa kujibana, gramu 8 katika kila gramu 100 za nafaka kavu, basi gramu 300 kwa siku zinanipa 168 kwa wiki. Zimebaki 616 za kutafuta.

Hatua ya 3: Linganisha bei ya protini, si bei ya kilo

Hii ndiyo hatua yenye pesa. Chukua bei ya bidhaa, gawanya kwa gramu za protini zilizomo, zidisha kwa 100. Jibu ni bei ya gramu 100 za protini. Makadirio ya gramu za protini ninayotumia: yai kubwa moja 6, maziwa lita moja 33, na katika kila gramu 100, maharage makavu 21, dengu kavu 24, minofu ya kuku mbichi 22.

Jihadhari na mitego. Maharage yakiiva hunywa maji, na gramu 100 zilizopikwa hubaki na protini 9 hivi. Usichanganye namba za kavu na za kupikwa. Kuku mzima huonekana rahisi, lakini karibu theluthi ya uzito wake ni mifupa, kwa hiyo pigia hesabu kinacholiwa. Samaki wa kopo mpime bila maji au mafuta yake. Soseji za bei ya chini mara nyingi zimejazwa mafuta, wanga na maji, soma kibandiko. Karanga nazo zina 25, ila pia kalori zaidi ya 550 kwa gramu 100. Mimi nazitafuna kama kiburudisho, kwenye hesabu siziingizi.

Hatua ya 4: Jaza kuanzia cha bei rahisi

Panga majibu yako kutoka dogo hadi kubwa, kisha jaza pengo. Wiki yangu ya kawaida: mayai 30 (180), maharage makavu kilo moja (210), maziwa lita 3 (kama 100). Jumla 490. Zimebaki 126, na gramu 600 za minofu ya kuku zinazimaliza. Gramu 600, wakati zamani nilibeba kilo mbili na nusu!

Maharage yaende sahani moja na nafaka: yana lisini nyingi, asidi amino (moja ya vijenzi vya protini) ambayo nafaka zina upungufu nayo.

Hatua ya 5: Pika kabla hakijaharibika

Kuku mbichi hakai kwenye friji zaidi ya siku mbili. Kinachozidi kigandishe siku ileile, kikiwa kimegawanywa kwa mlo. Maharage loweka usiku, mwaga maji, chemsha yote kwa mkupuo, gandisha kwenye vibakuli. Yale mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 hata kama utayaivisha kwa moto mdogo baadaye, kwa sababu yana sumu isiyoondoka kwa joto dogo.

Bei zikibadilika, rudia hatua ya 3 peke yake. Mayai yakipanda, kwa mfano, gramu 750 za dengu kavu zina protini sawa na yale mayai 30.