SOMO: Kugawa kazi kwa viini vingi vya prosesa bila kupoteza hesabu

Wakuu, leo tunahesabu maneno ya faili kubwa kwa Python, viini vyote vikifanya kazi pamoja.

Hatua ya 1. Kwenye Linux andika nproc, amri inayotaja idadi ya viini. Ikijibu 4, anza na michakato 4, yaani programu 4 zinazoendeshwa kwa pamoja, kila moja na kumbukumbu yake.

Hatua ya 2. Gawa faili vipande 4, ukikata mwisho wa mstari ili neno lisipasuke. Kila kipande kipate mchakato wake kupitia multiprocessing, moduli ya Python ya kuendesha michakato mingi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Wazo la kwanza huwa kaunta moja ya wote, yaani Value (namba ambayo michakato yote inaifikia), kila mchakato uiongezee 1 kwa kila neno. Jaribu, endesha mara tatu uone hesabu inavyopungua, kila mara kivyake. Kuongeza 1 ni matendo matatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Kiini cha kwanza kimesoma 41. Kabla hakijaandika, cha pili nacho kimesoma 41. Vyote vinaandika 42. Maneno mawili yamepita, hesabu imepanda moja, na programu hailalamiki popote. Kosa la kimya namna hii naliogopa kuliko programu inayozimika.

Hatua ya 4. Weka kufuli, get_lock(), ili mchakato mmoja tu uguse kaunta kwa wakati. Hesabu itatimia, ila mwendo utashuka vibaya: watu wanne, daftari moja, kila mmoja anangoja zamu. Hata ndani ya prosesa kuna msukosuko. Kila kiini kina kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, inayohifadhi data kwa vipande viitwavyo mistari. Kimoja kikiandika, nakala za vingine za mstari ule wa kache (baiti 64 kwa prosesa nyingi za Intel na AMD) zinabatilika, lazima zivutwe upya.

Hatua ya 5. Achana na daftari la pamoja. Kila mchakato uhesabu kwake, urudishe jumla yake mara moja tu kupitia Pool.map (inayogawia michakato vipande na kukusanya majibu), kisha wewe ujumlishe namba hizo nne. Kufuli halihitajiki tena.

MASWALI

Swali: Mkuu, nyuzi (threads, njia kadhaa za kazi ndani ya mchakato mmoja) si nyepesi kuliko michakato?
Jibu: Ni nyepesi kweli. Lakini Python ya kawaida ina kufuli kuu, GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati. Nyuzi zinafaa zaidi kazi za kungoja mtandao au diski.

Swali: Nikiwa na viini 8 nitamaliza mara 8 haraka?
Jibu: Hapana, ndugu. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967. Ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini 4 vinakupa mara 3.1, viini 8 mara 4.7, na hata ukiwa navyo elfu hufiki mara 10. Kabla ya kununua mashine, pima kwanza sehemu isiyogawanyika.