Somo: Namna ya kuongeza umbali wa mpira wa gofu kutoka kwenye tii (kijiti cha kuuinulia mpira)

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno: "Mpira wangu hauvuki yadi 180, nifanyeje?" Sasa naliandikia jibu moja, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Ninaowalenga hasa ni wenzangu wa Mwanza tunaofanya mazoezi kwenye viwanja vya wazi alfajiri, kabla vijana wa soka hawajaingia, kwa fimbo za mitumba na mipira iliyokwisha kupigwa na watu wengine. Maelekezo ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ayageuze.

Hatua ya kwanza: shika fimbo kwa vidole zaidi kuliko kwa kiganja, wala usiikabe.

Hatua ya pili: panua miguu kupita kidogo upana wa mabega, na mpira uwe mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto.

Hatua ya tatu: chomeka tii kwa kimo ambacho nusu ya mpira itaonekana juu ya ukingo wa juu wa kichwa cha dreva, yaani fimbo ndefu ya kupigia mbali. Wengi huichomeka chini kwa woga wa kupita chini ya mpira, na woga huo huwagharimu yadi nyingi. Chora alama ya kalamu kwenye tii, ili kimo kisibadilike kila unapopiga.

Hatua ya nne: rudisha fimbo bila haraka mpaka mgongo wako uelekee unakolenga.

Hatua ya tano ni kupiga mpira fimbo ikiwa inapanda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoharibikiwa. Dreva, tofauti na fimbo za chuma, inafaa iuguse mpira baada ya kupita sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wake. Mpira huondoka juu bila kujizungusha kinyumenyume kupita kiasi. Unaojizungusha mno hupanda, husimama hewani, kisha hudondoka kama embe. Wanawake wa kulipwa wa LPGA, chama cha gofu ya wanawake cha Marekani, huzungusha fimbo kwa wastani wa maili 95 hivi kwa saa, mwendo ambao wanaume wengi wa ridhaa wanaufikia, lakini kwa kuwa hupiga fimbo ikipanda karibu nyuzi 3 na kuupata mpira katikati, mpira wao husafiri hewani karibu yadi 220. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilidhani kupanda ni kazi ya mikono, nikawa nabaki na uzito wote kwenye mguu wa kulia na kuuchota mpira kama achotaye maji kwa kata. Kwa miezi mitatu nilipoteza yadi 20, nikawa nagonga ardhi nyuma ya mpira, na kiuno kikanikatalia hata kuinama kufunga kamba za viatu.

Kupanda huandaliwa kabla fimbo haijasogea: mpira uwe mbele, kama nilivyosema, na uti wa mgongo ulale kidogo upande wa kulia, bega la kulia likiwa chini ya la kushoto. Wakati wa kuishusha fimbo kuelekea mpira, nyonga ya kushoto ndiyo itangulie, uzito uhamie mguu wa kushoto, na kichwa kibaki nyuma ya mpira. Onyo la kwanza: ukijikuta umemaliza ukiwa umesimamia mguu wa kulia, umechota, hukupiga. Onyo la pili: kiuno kikianza kuuma, acha siku hiyohiyo, mimi niliendelea, na nilijuta. Kwa kujipima, laza kiboksi tupu cha dawa ya meno sentimita 30 mbele ya mpira. Fimbo ikikigusa, bado inashuka.

Hatua ya sita: paka uso wa fimbo unga wa chaki au poda ya watoto, upige, kisha uangalie alama. Kichwa cha fimbo kikienda maili 95 kwa saa na kuupata mpira katikati, mpira huondoka kwa maili 140 hivi. Ukigusa karibu na kisigino cha fimbo, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini, mwendo huohuo unaweza kukupa 128 tu, na hapo umetupa zaidi ya yadi 20. Ndiyo maana simwambii mtu aongeze nguvu kabla sijaiona chaki yake.

Jambo moja la pembeni: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wepesi wa hewa hutuongezea umbali wa asilimia 4 hivi. Usijisifu sana, maana ukienda kucheza Dar es Salaam yadi hizo hutazikuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Igoma: Sijasoma yote, ni marefu. Nikinunua dreva ndefu zaidi nitapata umbali?

Jibu: Soma hatua ya sita. Fimbo ndefu ni ngumu zaidi kuipatia katikati. Kanuni zinaruhusu inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46.

Mama Bwiru: Shikamoo mwalimu. Nimepaka chaki kama ulivyoelekeza. Alama zote ziko upande wa kisigino, na mpira unakatia kulia. Je, mambo hayo mawili yana uhusiano?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kujaribu kwanza. Yana uhusiano. Mpira hupinda kulia uso wa fimbo unapokuwa wazi, yaani ukiangalia kulia zaidi ya njia ambayo kichwa kinapita. Ukigusa kisigino, kichwa hujipinda kidogo na kuuongezea mpira mzunguko wa upande huohuo. Weka kiboksi kile ng'ambo ya mpira, upande ulio mbali na miguu yako, ukiacha nafasi ndogo, kisha piga mpira bila kukigusa. Fimbo inayotupwa nje itakigonga, na utaijua mara moja. Chaki ikishahamia katikati, ndipo tuzungumze kuhusu mshiko wako.

Mkongwe: Nimecheza miaka mingi. Hizi nyuzi na hesabu ni nadharia. Nguvu ni nguvu.

Jibu: Sikukataa nguvu, mzee wangu, nimekataa nguvu inayogonga kisigino. Kiboksi cha dawa ya meno hakina nadharia. Kijaribu, kisha utuletee matokeo.

Kijana wa Nyegezi: Kwa nini kupiga ikipanda kunapunguza mzunguko? Nilidhani kungeongeza.

Jibu: Swali zuri. Mzunguko hutokana na pengo kati ya upande uso wa fimbo unakoangalia na upande kichwa kinakokwenda. Uso ukiangalia juu nyuzi 14 na kichwa kikishuka nyuzi 2, pengo ni 16. Uso ukibaki hivyohivyo na kichwa kikipanda nyuzi 3, pengo ni 11.

Mdau wa Igoma: Na upepo wa ziwa wa mchana?

Jibu: Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani. Ukipiga kuelekea ziwani usiongeze nguvu, kwa sababu utaongeza mzunguko na upepo utaunyanyua mpira. Zungusha kwa utulivu tu. Ukiwa na upepo mgongoni, inua tii kidogo.

Kijana wa Nyegezi: Mpira ukifika ufukweni, palipo na viboko?

Jibu: Uwanja wa Jinja, Uganda, umejulikana kwa kanuni yake ya mahali inayokuruhusu kuinua mpira ulioangukia kwenye nyayo za kiboko. Sisi hatuna kanuni hiyo, tena hatuna mlinzi. Ukiingia kwenye matete, uhesabu umepotea, piga mwingine.