Kuchagua majike wa kubaki zizini na wa kwenda mnadani

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa nyama katika nyanda kame za kati mwa Tanzania, ambako mvua kwa kawaida huanza Desemba na kukatika Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ya kuchambua kundi. Majike bado wana nyama mwilini, ndama waliozaliwa mwanzoni mwa mvua wana umri wa miezi sita hivi, na malisho yaliyobaki lazima yagawanywe hadi mvua nyingine.

Anza na mimba. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 283 hivi, kwa hiyo jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 80 tu baada ya kuzaa za kupona, kurudi kwenye joto (hali ya kutaka dume) na kushika tena. Mwite mtaalamu wa mifugo awapime miezi miwili au mitatu baada ya dume kutengwa, kisha andika matokeo katika daftari kwa namba ya hereni ya sikioni ya kila ng'ombe. Usitegemee macho, kwa sababu jike mnene kuliko wote mwezi Juni mara nyingi ndiye asiyenyonyesha wala kubeba mimba, na ndiye ambaye mwenye mali huona uchungu kumuuza. Aliyekonda huku ndama wake akiwa mkubwa anastahili kuvumiliwa. Baada ya mwaka wa ukame mkali msamehe mara moja jike aliyekosa mimba, hasa aliyezaa kwa mara ya kwanza. Akikosa mara ya pili, aondoke.

Kisha tazama mwili. Meno yote 8 ya mbele ya taya la chini hutimia kwenye umri wa miaka minne hadi mitano. Yakishalika hadi kwenye fizi au kung'oka, mnyama hawezi kukata majani mafupi ya kiangazi. Kiwele kilichoning'inia na chuchu nene kama chupa humnyima ndama maziwa ya kwanza, na kwato mbovu humzuia mama kufika kisimani. Jike mkali anayevunja zizi naye auzwe, hata kama anazaa vizuri.

Aliyetupa mimba asiuzwe kwa jirani kama mfugo wa kuzalisha. Mtenge, usishike kondo la nyuma wala kijusi kwa mikono mitupu, na mwombe mtaalamu achukue damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza binadamu pia.

Warithi wao wachague miongoni mwa mitamba (majike wachanga ambao bado hawajazaa) wa majike wanaozaa kila mwaka, waliozaliwa mapema katika msimu. Mtamba apandwe akiwa amefikia asilimia 65 ya uzito wa jike mzima. Mahali ambapo jike mzima ana kilo 300, hizo ni kilo 195. Dume mmoja hutosha majike 25 hadi 30, naye abadilishwe kabla binti zake hawajaanza kuingia kwenye joto.

Wanaoondoka wapelekwe mnadani mapema, kabla ya Septemba, mwezi ambao nyama imekwisha kupungua mifupani na kila mtu anauza. Aliyechomwa sindano ya dawa asubiri kwanza siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, ndipo achinjwe.