Mnada Umefungwa na Bei ya Chini Haikufikiwa: Namna ya Kuuza kwa Heshima

Umeweka cherehani, friji au mashine ya boti kwenye mnada wa mtandaoni, ukapanga bei ya chini ambayo chini yake huuzi, saa ya kufunga imefika, na dau la juu kabisa limeishia njiani. Kitu hakijauzwa, lakini wapo watu watatu au wanne waliokwisha kutaja kiasi walicho tayari kutoa, na wewe bado unataka kukiuza. Mwongozo huu unahusu siku mbili au tatu zinazofuata. Kwa uzoefu wangu wa kuuza vyombo vilivyotumika hapa Mtwara mjini, siku hizo huharibu jina la muuzaji kuliko mnada wenyewe.

Lieleweke kwanza kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, mauzo ya mnada hukamilika pale dalali anapogonga nyundo au anapotangaza kwa njia nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo mpanda dau anaweza kuliondoa dau lake. Bei ya chini isipofikiwa, nyundo haikugongwa. Kwa hiyo huna haki ya kumwandikia aliyeongoza kana kwamba amekimbia deni, naye hana haki ya kukulazimisha umpe kitu kwa dau lake kwa sababu tu hakuna aliyempita. Ujumbe wowote utakaomtumia baada ya hapo ni ombi jipya, nao uandikwe kama ombi.

Sisi wa Kusini tunaijua hali hii kupitia minada ya korosho. Tangu msimu wa 2024 minada hiyo huendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima wakisomewa bei wana haki ya kuikataa. Msimu wa 2018 waliikataa kweli, na Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini korosho iliyokataliwa bei haiuzwi pembeni. Husubiri mnada mwingine, na ununuzi wa mlango wa nyuma tunaouita kangomba umepigwa marufuku. Cherehani yako haina mfumo wa namna hiyo. Masharti ya mahali ulipouzia yakiruhusu, uko huru kuiuza kwa yeyote usiku uleule, na kwa kuwa hakuna wa kukusimamia, adabu yako ndiyo inayobaki kuwalinda waliokuamini.

Kabla ya kumwandikia mtu, soma masharti ya mahali ulipouzia. Tovuti nyingi za mnada haziruhusu muuzaji na mpanda dau waliokutana humo kwenda kumalizia biashara nje ili kukwepa kamisheni. eBay, kwa mfano, inalikataza jambo hilo waziwazi, na badala yake inampa muuzaji njia ya kumtumia mpanda dau aliyekosa ofa ya "nafasi ya pili", kwa bei ya dau lake mwenyewe, ikidumu kwa siku 1, 3, 5 au 7. Kama umemtumia dalali, uliza mkataba wako unasemaje kuhusu kitu kinachouzwa baada ya mnada kwa mtu aliyeletwa na mnada huo; mara nyingi dalali anastahili chake hata kama nyundo haikugongwa, na kumzunguka ni kumnyima jasho lake. Kama ni kundi la WhatsApp la mtaani, mwulize msimamizi wa kundi, kisha andika mbele ya wote sentensi moja: mnada umefungwa, bei ya chini haikufikiwa, kitu hakijauzwa. Bila sentensi hiyo, aliyeongoza anaweza kulala akidhani ameshinda, na asubuhi akaanza kutafuta usafiri.

Mtu wa kwanza kumwandikia

Ni yule aliyeongoza, na ni yeye peke yake. Hili nalisisitiza kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu, kwa sababu nililikosea mwenyewe.

Nilikuwa nauza mashine ya boti ya nguvu farasi 15, bei yangu ya chini ikiwa shilingi 2,600,000, na dau la juu likaishia 2,250,000 kutoka kwa mvuvi mmoja wa Mikindani. Usiku ule nilimwandikia yeye, na dakika hizohizo nikamwandikia pia aliyemfuata, nikiwaza kwamba atakayejibu mapema ndiye riziki yangu. Wote wawili walikubali. Wa pili alikuwa karibu, akaja alfajiri, akalipa, akaondoka na mashine. Saa mbili asubuhi yule mzee wa Mikindani alifika kwangu Shangani kwa gari la kukodi, mkononi ameshika kidumu cha petroli ya kuijaribia mashine. Hakupaza sauti. Alikiweka kidumu chini, akaangalia ile stendi ya mbao iliyokuwa tupu, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu nisije." Nilimrudishia gharama ya gari, lakini hakupanda dau kwangu tena.

Kwa hiyo andika kwa mmoja, mpe muda unaojulikana, na muda huo uuheshimu hata simu yako ikilia mara kumi. Mimi hutoa saa 24 kwa vitu vya nyumbani, na siku mbili kwa kitu kikubwa ambacho mnunuzi atahitaji kushauriana na mwenzake au kukusanya fedha. Ujumbe wangu huwa hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Mnada wa cherehani umefungwa saa tatu usiku huu. Dau lako la shilingi 210,000 ndilo lililoongoza, ila halikufikia bei yangu ya chini, ambayo ni 260,000. Bado ninaiuza. Je, utaweza kuichukua kwa 245,000? Nakusubiri wewe kwanza mpaka kesho saa tatu usiku, na kabla ya hapo sitazungumza na mtu mwingine. Ukiona haikufai niambie tu, hakuna tatizo."

Salamu hubadilika kulingana na mtu, na kama humjui umri wake, "Habari za jioni" yatosha. Angalia kwamba bei ya chini nimeitaja. Wapo wauzaji wanaoificha hata baada ya mnada kufungwa, wakidhani siri hiyo itawaongezea. Naona wanakosea. Wakati wa mnada siri ilikuwa na kazi, lakini sasa mmebaki watu wawili, na mnunuzi asiyejua pengo ni kubwa kiasi gani atadhani unamchezea. Ukiitaja, ataona mara moja kama pengo linazibika au haliwezekani kabisa, na nyote mtaokoa muda.

Kuna bei ambayo haipaswi kutajwa: ile iliyo juu ya bei yako ya chini. Kama ulikuwa tayari kuuza kwa 260,000 saa tatu kasoro dakika moja, kumwomba mtu 280,000 saa tatu na nusu ni kumtoza faini kwa kuwa ameonyesha hamu. Upande wa pili nao una mpaka wake. Mpanda dau aliyeandika 210,000 kwa hiari yake asije na 150,000 kwa kuwa sasa hana mshindani, isipokuwa akikuta kasoro ambayo tangazo halikuitaja. Kati ya mipaka hiyo miwili mnaweza kuzungumza kwa uhuru, na mara nyingi huishia mahali fulani katikati.

Usiseme uongo kuhusu wanunuzi wengine. "Kuna mtu Masasi anaitaka kwa 250,000" ni sentensi nyepesi kuandika, lakini kama mtu huyo hayupo, umeshapanda dau la bandia baada ya mnada kufungwa. Mji wetu ni mdogo, na wanaonunua cherehani Chikongola wanafahamiana na wanaonunua Ligula. Na ukishapata jibu la "ndiyo", biashara imefungwa. Akitokea mwingine usiku uleule mwenye 260,000 kamili, mwambie imeshachukuliwa, hata kama fedha bado hazijaingia.

Kushuka kwa wa pili

Aliyeongoza akikataa, au muda wake ukiisha bila jibu, mtumie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kumwarifu kwamba unaendelea na wengine. Kisha mwandikie wa pili. Huna haja ya kumtajia jina la wa kwanza wala kumweleza kwa nini alikataa, ila akikuuliza kama yeye ni wa kwanza kuulizwa, mjibu ukweli. Dau la wa pili kwa kawaida liko chini zaidi, hivyo jiulize mapema kama uko tayari kushuka mpaka huko. Kumwandikia mtu, akakubali kwa dau lake, halafu ukasema umefikiri upya, ni vibaya kuliko kutomwandikia kabisa.

Mimi huishia kwa mtu wa tatu. Zaidi ya hapo pengo linakuwa kubwa mno, na ujumbe unaanza kufanana na kutembeza bidhaa mlango kwa mlango. Namba za simu ulizozipata kupitia mnada pia zina mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa ya mtu itumike kwa kusudi lililofanya ikusanywe. Aliyekupa namba kwa ajili ya cherehani hakuomba kutumiwa matangazo ya magodoro.

Wapanda dau nao wawe macho. Matapeli huwafuata watu waliokosa mnadani, wakajifanya ndio wauzaji na kudai kitu bado kipo, kisha wakaomba fedha zitumwe kwa namba mpya. Muuzaji mwenye adabu humwondolea mwenzake shaka hiyo: andika kutoka akaunti ileile iliyoweka tangazo, na usikasirike mtu akiomba uthibitisho. Mnunuzi wa karibu aje aione, aijaribu, ndipo alipe. Mnunuzi wa Newala au Nachingwea amtume ndugu yake aliyeko mjini, na kama hana, mpigie simu ya video na ushone kitambaa mbele yake, mbele na nyuma, aone mishono. Rudia kasoro zote ulizozitaja kwenye tangazo, hata kama zimeandikwa kule, kwa sababu wengi hupanda dau kwa kuangalia picha tu. Mzigo ukienda kwa basi, kubalianeni kabla ya malipo nani analipa nauli ya kifurushi, kisha mpigie picha stakabadhi na umtumie.

Usipopata mtu, unaweza kukirudisha kitu mnadani, ila si kabla muda uliompa mtu wa mwisho haujaisha. Acha wiki mbili hivi zipite, punguza bei ya chini au iondoe kabisa, na useme kwenye tangazo kwamba kiliwahi kuwekwa na hakikuuzwa. Madau ya mara ya kwanza yalikuonyesha soko linakithamini kwa kiasi gani. Watu wanne wakikomea karibu na 200,000, kuirudisha cherehani ileile kwa 260,000 ni kuwapotezea muda wao na wako. Kikiuzwa, kwa njia yoyote ile, andika "imeuzwa" chini ya picha siku hiyohiyo, bila kutaja bei wala jina la aliyenunua.